Kuunda Eropleni Ndogo za Vita kwa Mikono Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twanena juu ya kazi ambayo huenda wengine wenu waiona kuwa mchezo wa watoto, yaani kuunda mfano wa eropleni ya vita ya zamani. Hatuneni juu ya kununua sanduku lenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Twanena juu ya kuanza na mti mtupu, karatasi ngumu, uzi na gundi. Kazi hii humfundisha mtu asikate neno kabla ya kupima.

Na tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wadachi, Königsberg, iliipiga na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Baadaye ikajificha katika delta ya Rufiji. Mikoko iliisitiri hata wapiga mizinga baharini wasiweze kuiona. Ndipo zilipoletwa eropleni kisiwani Mafia, na miongoni mwao Caudron G.3, namna iliyobuniwa Ufaransa. Mwezi wa Julai 1915 eropleni ziliruka juu ya delta, zikatazama makombora ya Severn na Mersey yaangukapo, zikapeleka habari kwa simu ya upepo ili mizinga ielekezwe vema. Tarehe 6 kazi haikufaulu. Tarehe 11 Königsberg ilipigwa sana, hata wenyewe wakaizamisha.

Basi, atakaye kuunda Caudron hiyo na aanze na kalamu, si kisu. Eropleni yenyewe ilikuwa na upana wa mita 13.40 toka ncha ya bawa hata ncha ya pili, na urefu wa mita 6.40. Tukichagua kipimo cha 1/48, mfano wetu utakuwa na upana wa sentimita 27.9 na urefu wa sentimita 13.3. Kila kitu na kigawanywe hivyo hivyo. Waya wenye unene wa milimita 3 utakuwa mwembamba kama unywele. Mtu akitumia uzi wa kushonea viatu, ameharibu kazi yote.

Bawa la juu ni refu kuliko la chini, wala si ubao bapa, bali lina mgongo uliobetuka. Kwa hiyo vijiti vya mwanzi hushikwa juu ya mvuke wa birika mpaka vilegee, kisha hufungwa juu ya kalibu vikauke. Haraka haraka haina baraka: kijiti kilichofunguliwa mapema hurudi kunyoka. Mkia haukuungwa na mwili mzima kama wa eropleni za baadaye, bali ulishikwa na miti mirefu iliyo wazi, na ile ya chini ilitumika pia kuteleza ardhini wakati wa kutua. Rangi ipakwe kabla ya kutia nyuzi, kwani baada yake burashi haipiti.

Hapa ndipo penye jaribu. Fundi huona mfano wa mwenziwe, akaunakili bila kuuliza. Caudron za siku zile kwa kawaida ziligeuzwa kwa kupinda mbawa zenyewe, si kwa vibao vyenye bawaba kama tuvionavyo katika eropleni za baadaye. Aliyeongeza vibao hivyo kwa mazoea ameandika uongo kwa mti na gundi. Sisi makarani twaujua ubaya huo: barua ikinakiliwa na tarehe isiyo sahihi, kosa huingia katika faili, na baada ya miaka huitwa ushahidi. Kwa hiyo linganisha picha na mchoro, na mchoro na vipimo; visipopatana, kisu kingoje.

Tena kuna jambo kubwa kuliko vijiti. Eropleni ya vita haikuundwa iwe pambo. Vita ile ile iliyoileta Mafia ilichukua wapagazi wengi wa nchi zetu, na wengi wao hawakurudi kwao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latoka katika jeshi lao la wachukuzi. Rubani ana picha yake kitabuni. Mpagazi aliyekufa njiani mara nyingi hana hata kaburi lenye jina. Basi twashauri kila mfano uwekwe juu ya kibao chenye maandiko: ni eropleni gani, ilifanya kazi wapi, mwaka gani, na vita ile iliwagharimu nini watu wa mahali pale. Mfano usio na maandiko hayo husifu chombo na kuwasahau watu.

Ndugu zetu, kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka kisu kikali, msasa, rula na jioni nyingi za subira. Atakayeianza ataona kuwa mkono hujifunza upesi, bali jicho huchelewa kukubali kuwa limekosea. Likikubali, mtu huyo amefaidika, hata kama eropleni yake haitaruka kamwe.