JIRANI YAKO MWISLAMU SI IDI AMIN

*Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana Wakristo wilayani Muleba. Tunayachapa kwa manufaa ya wasomaji wa Bukoba, Muleba na kwingineko. – Mhariri*



Awali ya yote nieleweke. Mimi si padri, si mchungaji, wala sikusoma chuo cha biblia. Nimeishia kidato cha nne na najitafutia riziki kwa kalamu. Mlichoniomba nikizungumze ni kizito kuliko umri wangu: wakati wa vita, Mkristo amtazameje Mwislamu, na amtendeeje? Nitasema ninachokijua. Nikikosea, mnisahihishe.

Wengine watauliza, vita gani tena, mbona nchi ina amani? Jibu langu ni fupi. Sisi watu wa Kagera ndio wa mwisho katika Tanzania kuuliza swali hilo. Vita ilikuja kwetu bila kubisha hodi.

Ilipoanza

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia mpaka ukingoni mwa mto Kagera. Yaliua, yalibaka, yaliswaga ng'ombe na kupora hadi mabati ya nyumba. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Magofu ya kanisa pale Kyaka yapo hadi leo, nendeni mkayaone. Maelfu ya watu walikimbilia kusini wakiwa na watoto mgongoni. Bukoba mjini ndege za adui zilipita juu, watu wakafunga virago.

Amin alikuwa Mwislamu, na alijitangaza hivyo. Mwaka 1974 aliiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa serikali yake. Kisha Gaddafi wa Libya akamletea askari na silaha, na Machi 1979 ndege ya Libya ikadondosha mabomu Mwanza. Mtu mwenye hasira hakuhitaji kufikiri sana ili aseme: hawa ni Waislamu, wametuvamia, na huyu jirani yangu mwenye kofia ni wa kwao.

Bibi yangu anaishi Kamachumu. Alinisimulia kwamba siku zile, msimu wa senene, jirani yao mmoja mwenye duka alikuwa Mwislamu. Wakimbizi walipofika, mzee yule alitoa chumvi, sabuni na viberiti bila kuandika deni. Usiku vijana wakarusha mawe juu ya bati lake. Wakamwita shemeji yake Amin. Wakati huo huo kijana wake wa kwanza alikuwa mgambo, ameshachukuliwa kwenda mbele.

Nilimwuliza bibi, wewe ulifanya nini? Akanyamaza kidogo, akasema: "Nilifunga dirisha." Vita ilipokwisha kijana yule alirudi salama. Hakumkuta baba yake. Mzee alikuwa amehamia Mwanza, na Kamachumu hakurudi tena.

Hilo dirisha la bibi yangu ndilo lililonileta hapa leo.

Nani aliongoza vita ile?

Ukweli usemwe. Amiri Jeshi Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Nyerere, Mkatoliki. Lakini Waziri wa Ulinzi alikuwa nani? Rashidi Kawawa, Mwislamu. Mkuu wa Majeshi? Jenerali Abdallah Twalipo, Mwislamu. Makamu wa Rais? Aboud Jumbe, Mwislamu. Kama vita ile ingekuwa ya Uislamu dhidi ya Ukristo, basi watu hawa walikuwa upande gani?

Hapa hapa wilayani kwetu, Kaboya, wamelala mamia ya askari waliokufa katika vita ile. Wamo Wakristo, wamo Waislamu. Siku ya Mashujaa, Julai 25, sheikh husimama akaomba dua, padri akasali, mchungaji akasali. Hakuna anayeuliza risasi ilimpata mwenye dini gani.

Na Amin mwenyewe hakuwaua Wakristo tu. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri wa Obote, alikuwa Mwislamu, na aliuawa mwaka 1973. Dikteta hana msikiti wala kanisa. Ana kiti, na anakilinda kiti.

Walakini tusijisifu sana. Tazameni ng'ambo. Amin alipoanguka mwaka 1979, huko Ankole, siyo mbali na hapa, raia Waislamu waliuawa na raia wenzao, wanawake na watoto wakiwemo, na maiti zikatupwa mto Rwizi. Kosa lao lilikuwa kusali kama Amin alivyosali. Waliowaua walikuwa watu waliobatizwa. Hiyo ndiyo safari inayoanza na jiwe moja juu ya bati la jirani.

Mto Kagera ni shahidi

Kuna wanaosema sisi Wakristo hatuwezi kufanya hivyo, kwamba mauaji yako katika dini ya wenzetu. La hasha!

Aprili 1994 mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda hadi ziwani. Wazee mliopo mnakumbuka watu walivyoogopa kula samaki. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, tena wengi wao Wakatoliki. Waliokimbilia kanisani Nyarubuye, karibu kabisa na mpaka wetu, waliuawa humo humo kanisani, na waumini wenzao. Na Kigali, katika mtaa wa Nyamirambo, wako Waislamu waliowaficha Watutsi Wakristo majumbani na msikitini. Siyo kila Mwislamu alikuwa mwema, na siyo kila Mkristo alikuwa mwuaji. Lakini mtu aliyefichwa chini ya kitanda cha Mwislamu, huku paroko wake amekimbia, atakuambia nini juu ya dini ya nani ni ya damu?

"Lakini wao wanatuua"

Najua kuna wanaonung'unika. Mtaniambia habari za Msumbiji, ambako tangu 2017 kuna wanaochinja watu kwa jina la Mungu, na Oktoba 2020 walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mtaniambia shule ya Mpondwe, Uganda, ambako Juni 2023 wanafunzi waliuawa bwenini. Mtaniambia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, wakafa Oktoba 7, 2023.

Yote ni kweli, na sitawaambia myafiche. Mwuaji aitwe mwuaji. Lakini huko Cabo Delgado wapiganaji hao wameua Waislamu wengi, wamewafukuza Waislamu wengi makwao. Na muuza vitenge wa Muleba mjini hakuwatuma. Torati yenyewe inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba yake. Sasa mnamhukumuje mtu kwa kosa la asiyemjua hata kwa sura?

Someni Wafalme wa Pili, sura ya sita. Askari wa Shamu wameingia mikononi mwa mfalme wa Israeli. Mfalme anauliza kama awaue. Elisha anakataa, anaagiza wapewe chakula na maji, kisha warudi kwa bwana wao. Hao walikuwa askari kamili, wenye silaha! Nchi yetu nayo iliwateka Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na baadaye ikawarudisha kwao. Kama adui aliyetekwa anastahili chakula, jirani asiye na kosa anastahili nini?

Na deni ni la zamani. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, na mfalme Mkristo akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Waislamu hawajasahau hadi leo. Sisi je, tunataka tukumbukwe kwa lipi?

Udini ni biashara ya wakubwa

Naongea na gazeti la upinzani, hivyo hili sitaliacha. Nchi hii kuna watu wanaokula kwa udini. Ulipoanza mfumo wa vyama vingi, chama kimoja kikaitwa cha Waislamu, kingine kikaitwa cha Wakristo, ili mlalahoi asiulize bei ya kahawa yake. Makanisa yalipochomwa moto Bukoba mwaka 2015, kabla mahakama haijasema neno, vijiweni watu walikuwa wameshatoa hukumu juu ya dini nzima. Hiyo siyo haki, na siyo usalama. Mwenye ushahidi aupeleke polisi, na polisi wakilala tuwapigie kelele. Asiye na ushahidi afunge mdomo.

Tufanye nini?

Kwanza, ulimi. Vita ikianza, uvumi hutangulia risasi. Siku hizi uko kwenye simu. Ujumbe usioujua asili yake, usiupeleke kwa mwingine.

Pili, mguu. Siku ya wasiwasi, nenda kwa jirani yako Mwislamu mchana, watu wakuone. Kaa dukani kwake, kunywa naye chai. Anayetaka kurusha jiwe atafikiri mara mbili.

Tatu, msiba. Kagera tunazikana bila kuulizana. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoua watu na kubomoa nyumba zetu, halikuchagua msikiti wala kanisa, na tulilala nje pamoja. Tusingoje tetemeko jingine ili tukumbuke.

Nne, na ndilo gumu, tusifunge dirisha. Bibi yangu hakurusha jiwe. Ni mama wa kanisa, hajakosa Jumapili. Lakini zaidi ya miaka arobaini baadaye anakumbuka sauti ya mawe kuliko sauti ya ndege za Amin, kwa sababu waliorusha aliwajua kwa majina. Angefungua dirisha akawaita kwa majina yao, wangekimbia.

Msamaria wa Yesu hakuulizwa imani yake, aliulizwa alitenda nini. Mungu atuepushe na vita nyingine. Ikija, ninyi ndio mtakaokuwa na mawe mkononi, au madirisha.