MWALIMU ALIYETOKA CHUONI APEWE KAZI ALIYOSOMEA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya waalimu wanachama, Mwingi)



Nimeombwa niseme habari za masomo ya kuwafundisha watoto wasiosikia na wasioona. Nitasema niliyoyaona, kisha nitaleta ombi mbele ya Chama.

Katika darasa langu alikaa mtoto mmoja miaka mitatu, nyuma kabisa. Sote tulimwita mkaidi, na mimi mwenyewe nilimpa adhabu. Siku moja kengele ilipigwa karibu naye wala hakugeuka. Hapo nikajua, nikaona haya.

Basi nikaomba nafasi katika chuo cha KISE, kilichoanzishwa mwaka 1986, huko Kasarani, Nairobi. Nilisoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, wenzangu walipokuwa shambani. Karo nililipa mwenyewe kwa ndengu na mbuzi. Mwaka ndengu zilipokauka, nikakopa. Basi letu lilipita Thika, penye shule ya wasioona tangu mwaka 1946, nami nimefundisha miaka yote hiyo bila kujua hata nukta moja ya maandishi yao.

Masomo yale si mchezo. Maandishi ya Braille ni nukta sita tu, lakini ukiandika kwa kibao na msumari wake wachoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa yatasomwa upande wa pili wa karatasi. Jina langu nililiandika kinyume juma zima! Na Lugha ya Ishara si kupungapunga mikono. Ina sarufi yake, na uso pia husema. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja katika kifungu cha 7.

Nikarudi na cheti. Nikapangwa wapi? Darasa lile lile, watoto zaidi ya sitini, na asiyesikia hakuna hata mmoja. Yule wangu alikuwa amekwisha acha shule. Nimeiandikia ofisi inayohusika barua mbili, jibu sijaliona. Na ishara zisipotumiwa husahaulika. Vidole vyangu vimekwisha anza kuwa vizito.

Wako wasemao kwamba twafuata posho. Posho ya nini, nami sikupangwa huko?

Jambo hili si geni Kitui. Mwaka 1964 Waziri wa Kazi, Ngala Mwendwa, mtu wa huku kwetu, ndiye aliyeongoza kamati ya kuangalia hali ya walemavu, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wake.

Ombi langu ni hili. Chama kiandike majina ya waalimu wa Mwingi wenye vyeti hivi, na shule zenye watoto wanaowahitaji, kisha wajumbe wetu waipeleke orodha ofisini kwa mkono, wasiitie posta. Karatasi iko mezani kwa Katibu. Wenye vyeti wajiandikishe kabla ya kutoka, na ajuaye mtoto aliyefichwa nyumbani aandike jina la kijiji.