Ukoka Mpya Uani: Pima Kabla ya Kulipa, Mwagilia Kabla ya Kukanyaga



Nimeombwa nizungumzie ukoka unaouzwa ukiwa umekatwa vipande pamoja na udongo wake. Nitaanza na yaliyotokea katika ukoo wetu. Shangazi yangu, mkazi wa Kijichi, alilipia mita za mraba 60. Muuzaji alimweleza kwamba kila kipande kina nusu mita kila upande, na kwamba vinne hutimiza mita moja ya mraba. Akahesabiwa vipande 240, wala hesabu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kipande chenyewe: kilikuwa na sentimita 45. Sentimita 5 tu kila upande, lakini ukizidisha utaona kwamba alipata chini ya mita za mraba 49. Alipobaini, fundi alikwisha lipwa, na risiti hakuwa nayo.

Basi mnunuzi na aje na futi kamba yake, apime vipande kadhaa vya juu na vya chini kabla gari halijashusha mzigo, na adai risiti inayotaja ukubwa wa eneo. Malalamiko ya vipimo hupelekwa Wakala wa Vipimo; bila risiti, mlalamikaji hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji. Aingize mkono pia katikati ya rundo. Rundo lenye joto limekaa muda mrefu, na mizizi imeanza kuoza. Akiona vikonyo vya ndago, avikatae vipande hivyo. Ndago hujificha kwa viazi vyake ardhini, na dawa ya kuua magugu yote itaua na ukoka alioulipia.

Ukishanunua, tandika siku ileile, juu ya udongo uliolainishwa na kuloweshwa. Kipande kilichokatwa kimepoteza sehemu kubwa ya mizizi yake. Hadi kitoe mipya, hakiwezi kufuata maji yaliyo chini. Mchanga wetu wa huku Temeke hauhifadhi maji, na jua halingoji. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha, kwa kuwa walipanga bajeti ya ukoka wakasahau ya maji.

Tufanye hesabu pamoja. Kina cha milimita 5 kwa siku juu ya mita za mraba 48 ni lita 240, yaani ndoo 12 za lita 20. Kwa majuma mawili ni lita 3,360, zaidi ya uniti 3 za mita ya maji. Anayenunua maji kwa ndoo azidishe kwa bei ya mtaani kwake kabla ya kuagiza gari. Kama hesabu inamtisha, angoje masika, Machi hadi Mei, mvua imsaidie. Mwagilia alfajiri na tena alasiri, kidogo kidogo. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza ncha za majani. Mwenye kisima cha namna hiyo aulizie pasipalamu, jamii ya nyasi inayovumilia chumvi kuliko nyingi.

Baada ya siku kumi hivi, vuta pembe ya kipande taratibu. Kikinyanyuka kama mkeka, endelea kumwagilia na uwazuie watoto na kuku. Kikishikilia, anza kupunguza: siku moja maji mengi, siku moja pumziko, ili mizizi iyafuate chini. Fyeka mara ya kwanza baada ya hapo, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Kuhusu mbolea, nawasihi msiwe na haraka. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Konzi moja ikimwagwa mahali pamoja huacha doa jeusi. Subirini mwezi mmoja, kisha gramu 10 kwa mita ya mraba zatosha, zikifuatiwa na maji mara moja. Nunueni mfuko usiofunguliwa, wenye maandishi yanayosomeka. Ile ya kupimiwa kwa kopo haina maelezo yoyote, hata tarehe.

Shangazi yangu alimwagilia kwa utaratibu huu. Ukoka hutambaa, na masika yaliyofuata ulijaza wenyewe mapengo yaliyoachwa na vile vipande pungufu. Fedha za mita 11 hajarudishiwa hadi leo.