Sauti ya Asiyeandika
Hotuba kwa Walimu na Wakristo katika Sikukuu ya Jubilei



Tumepewa leo kazi ya kusema machache juu ya habari za watu wakaao mbali, jinsi zinavyofika na jinsi zisivyofika. Labda mtu atauliza, Jambo hili na Jubilei vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Kitabu hiki kimejaa habari za Jimbo letu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini habari hizo zimeandikwa na watu wajuao kuandika, tena kwa Kiswahili. Yule bibi wa kigango cha mbali, aliyechota maji ya kufyatulia matofali ya kanisa, asiyejua kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, habari zake zimo wapi? Kwa ajili ya swali hilo twataka kuwasimulia mambo yaliyotendeka katika nchi ya India, ambayo wazee wetu waliiita Bara Hindi.

Katikati ya India mna mkoa mkubwa wenye misitu mingi, uitwao Chhattisgarh, uliotengwa na Madhya Pradesh mwaka 2000. Watu wake walipohesabiwa mwaka 2011 walizidi milioni 25, na karibu 3 katika kila 10 walikuwa wa makabila ya wenyeji wa asili, waitwao Adivasi. Kabila moja kubwa ni Wagondi. Mwaka ule ule wasemaji wa Kigondi katika India nzima walihesabiwa karibu milioni 3. Hata hivyo Kigondi hakimo katika zile lugha 22 zilizotajwa katika Katiba ya nchi. Basi mtoto wa Kigondi aingiapo shuleni hukutana na Kihindi. Mama yake aendapo ofisini hukutana na Kihindi. Na gazeti likifika kijijini, halikuandikwa kwa lugha yake.

Tena misitu ile haikuwa na amani. Tangu miaka ya 1980 wapiganaji wa Kimao walijificha katika misitu ya Bastar, upande wa kusini. Mwaka 2005 likaundwa kundi la raia wenye silaha, Salwa Judum, likiungwa mkono na serikali, hata Mahakama ya Juu ya India ikalipiga marufuku mwaka 2011. Wanakijiji walikuwa katikati. Wenye bunduki wa pande zote mbili walisema kwa jina lao, bali wenyewe hawakuulizwa.

Mwaka 2010 mwandishi wa habari mmoja, Shubhranshu Choudhary, aliyewahi kuifanyia kazi BBC, pamoja na wenzake, alianzisha huduma iitwayo CGNet Swara. Neno swara maana yake ni sauti. Waliona ya kuwa gazeti halitawafaa watu wasiosoma. Redio ingefaa, lakini wakati ule stesheni za watu binafsi katika India hazikuruhusiwa kutangaza habari zao zenyewe. Kilichobaki ni simu ya mkononi, ile ndogo ya bei rahisi, ambayo ilikwisha kuingia hata msituni. Wataalamu wa Microsoft walioko India wakawasaidia kutengeneza mtambo.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mtu alipiga simu, na mtambo ukamjibu. Akitaka kusema, alibonyeza tarakimu 1, akaeleza habari yake kwa kinywa chake. Akitaka kusikiliza habari za wenzake, alibonyeza 2. Hakuhitaji kalamu wala karatasi. Walisema kwa Kihindi, kwa Kigondi na kwa lugha nyingine za huko. Wengine walisema ya kuwa pampu ya maji imevunjika; wengine ya kuwa mwalimu haonekani shuleni, au kwamba duka la chakula cha serikali limefungwa. Wengine walidai ujira wao. Maana sheria ya mwaka 2005 iliahidi siku 100 za kazi kwa mwaka kwa kila nyumba ya shamba itakayoomba, lakini wako waliofanya kazi wasilipwe. Na wengine waliimba tu nyimbo za kwao, wakafurahi kusikia lugha yao ikitoka ndani ya simu.

Sasa sikilizeni, ndugu, kwa kuwa hapa ndipo penye somo. Maneno yale hayakutolewa ovyo. Wahariri walisikiliza kila ujumbe, wakauliza, wakahakikisha, ndipo wakauachilia usikiwe na watu wote. Tena msemaji alitaja jina la afisa anayehusika na namba yake ya simu, akawaomba wasikilizaji wamsaidie kumkumbusha. Basi mtu wa mjini, asiyepata kukanyaga kijiji kile, alimpigia afisa simu na kuuliza, Je, pampu ya fulani imetengenezwa? Wazee wetu walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini fimbo za mbali zikiwa nyingi, nyoka husogea. Na jambo likiisha kutengenezwa, msemaji alirudi kwenye simu kuwaarifu na kuwashukuru waliomsaidia.

Huduma ile ilikuwa na mipaka yake. Simu haina nguvu pasipo mtandao, na misituni mna mahali pengi pasipo mtandao. Huko watu walipeana habari zilizorekodiwa kutoka simu hata simu, bila mtandao, kama watu wapeanavyo moto kwa kijinga. Tena msema kweli hana wajoli: mnyonge atajaye jina la mwenye cheo hujiweka hatarini. Kwa hiyo yampasa apokeaye habari kumlinda aliyeileta.

Twajifunza nini sisi? Kwanza, tusiharakishe kujihesabu upande wa Wagondi. Mbele ya bibi yule wa kigango cha mbali, Kiswahili chetu ni kama Kihindi mbele ya Mgondi. Ndicho lugha ya ofisi, ya shule, ya kamati za parokia. Sisi tukijuao twaweza kusema kwa niaba yake siku zote, naye asiseme hata mara moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kalamu hamjui asiyenayo.

Pili, kusema si nusu ya kazi, kama hakuna asikilizaye. Kumbukeni habari ya Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Sauti alikuwa nayo, na alipaza sana. Ni makutano waliomkemea anyamaze. Na makutano wale walikuwa wakitembea pamoja na Yesu. Bwana alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hakujisemea, Huyu ni kipofu, haja yake yajulikana. Alimngoja aseme mwenyewe.

Kwa sababu hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo manne katika mwaka huu wa Jubilei. La kwanza, kila kigango kichague mtu mmoja mwaminifu, mwanamume au mwanamke, awasikilize watu kwa lugha ya nyumbani. Na mwenye simu arekodi maneno yao, wakiridhia, bila kuyapamba. La pili, asipeleke neno lolote kabla ya kuliuliza kwa watu wawili au watatu, kwa kuwa uvumi huharibu haki ya mwenye haki. La tatu, jambo likipelekwa parokiani au serikalini, liwe na mtu wa kulifuata mpaka jibu lirudi kigangoni, hata kama jibu ni la kukataa. La nne, jina la mnyonge lisitajwe bila idhini yake.

Tukifanya hayo, hatutakuwa tumeanzisha jambo geni. Makatekista wa kwanza walikwenda kwa miguu toka kigango hata kigango, wakileta neno na kurudi na habari za wagonjwa, za wenye njaa na za wafu. Hawakungoja watu wajue kusoma ndipo wawasikilize.

Na siku Jimbo letu litakapoandika kitabu cha Jubilei nyingine, kurasa za kwanza na ziwe za bibi yule, kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake likiandikwa sawasawa kama yeye atakavyopenda.

Mungu alibariki Jimbo letu, atupe na masikio ya kusikia. Amina.