Nguo za Pamba kwa Siku za Joto

Mazungumzo haya yawahusu wote wanunuao nguo za watoto. Kaskazi inapovuma pwani, tangu Desemba hata Machi, wazazi wengi huona watoto wao wamejaa harara shingoni na kwapani. Hulilaumu jua, na kumbe mara nyingi kosa ni la nguo.

Mwili hujipoza kwa jasho, kwa kuwa jasho likaukapo huondoka na joto. Likizuiwa, vitundu vya ngozi huziba, na harara hutokea. Uzi wa pamba hunywa jasho na kuliacha likauke. Nailoni hunywa maji kidogo sana. Lakini hata pamba tupu, ikiwa imefumwa kwa kubanana, huzuia upepo.

Watu wa pwani walijua tofauti hii zamani. Melimeli ilikuwa nyembamba na laini. Marekani ilikuwa nzito na ngumu. Marekani ilipata jina lake kwa kuletwa na merikebu za nchi hiyo, iliyofanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hata 1865, vilivunja biashara ile. Nguo za Uingereza na India zikashika mahali pake, na jina likabaki.

Jambo la kuangaliwa sana na mnunuzi ni wanga. Viwandani nyuzi hutiwa wanga zisikatike wakati wa kufumwa. Lakini ukizidishwa, kitambaa chenye nyuzi chache huonekana kizito. Mnunuzi hulipia wanga, na baada ya kufua mara moja hubaki na kitu kama wavu. Basi na afikiche pembe ya kitambaa kwa vidole. Unga ukitoka, akiache. Kisha akiinue mbele ya mwanga: nyuzi nyembamba zilizosokotwa vema na kupangwa sawasawa hupitisha hewa, na hudumu pia.

Kabla ya kukata, fundi airoweke nguo majini na kuianika, maana pamba hurudi ifuliwapo. Halafu aishone kwa kupwaya, ili hewa ipite kati ya nguo na mwili. Mtoto aliyevikwa hivyo hulala usiku, na mama yake hulala pia.