Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Habari ya Mguu Wangu



Miaka 10 si mchezo. Mwaka 2015 tulianza kina mama 18 chini ya mti, na sanduku moja lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mama wake. Wapo waliosema hatutafika mavuno. Tumefika. Habari za hisa, mikopo na miradi mmezisikia kwa Katibu na Mweka Hazina, mimi sitazirudia.

Mimi nimeomba nafasi hii niseme habari ya mguu wangu. Najua wengine mnashangaa, sherehe kubwa namna hii Mwenyekiti anasimama kusema habari ya mguu! Lakini nina sababu.

Majuzi mwenzetu mmoja, simtaji jina, aliambiwa na daktari kuwa nyonga yake imelika kama ilivyolika yangu. Akasema hivi: "Kama ni kuchechemea tu, si bora nichechemee na mfupa wangu niliopewa na Mungu? Mwenyekiti amepasuliwa na bado anachechemea." Maneno hayo yalinifikia. Na kabla ya hapo yalinifikia mengine, eti fedha za mfuko wa jamii zimeliwa na mguu. Sikukasirika. Mtu aliyeweka fedha yake ana haki ya kuuliza imefanya kazi gani. Basi leo natoa hesabu.

Ugonjwa wangu ulinichukua miaka sita kabla sijapasuliwa. Ulianza kwa maumivu ya kinena na ya goti. Nilisugua goti kwa dawa za kila aina, nikafunga kitambaa, nikaambiwa ni baridi ya Karatu, nikaambiwa ni uzee, na wapo walionong'ona kuwa nimerogwa. Kumbe goti halikuwa na kosa. Ugonjwa wa nyonga huweza kuuma gotini. Nilipopigwa picha ya eksirei ndipo ilipoonekana kwamba ile gegedu laini inayofunika mfupa imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Wakati huo nilikuwa siwezi kuvaa kiatu mwenyewe. Usiku nikigeuka kitandani nalia. Kuchuma kahawa kwenye mteremko niliacha, kulima niliacha, hata mkutano wetu wa Jumatano nilikuwa naletwa na pikipiki nimekaa upande upande. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha mpaka yakaniumbua.

Mwaka 2023 nikabadilishiwa nyonga. Fedha zilitoka wapi? Tuliuza ng'ombe wawili, watoto wakachanga, mfuko wa jamii wa kikundi ukatoa mchango wake kwa mujibu wa katiba yetu, na kilichobaki nilikopa kwenye sanduku kama mwanachama mwingine yeyote. Marejesho mawili nilichelewa, na faini nililipa. Imeandikwa kwenye daftari, mwenye kutaka aangalie.

Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Nyonga ni kama mchi kwenye kinu kidogo. Kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kile kichwa kilichoharibika kinakatwa, kinawekwa cha kutengenezwa, na kikombe nacho kinawekwa kipya. Kazi hii si ya majaribio. Daktari mmoja wa Uingereza, John Charnley, aliitengeneza vizuri mwaka 1962, na tangu hapo watu wengi sana duniani wamefanyiwa. Hapa nchini inafanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kule Dar es Salaam.

Siku iliyofuata upasuaji nilisimamishwa. Baada ya siku chache nikarudishwa nyumbani, nimekalia mto ili kiti kiwe juu. Tulisimama Makuyuni ninyooke, tukasimama tena Mto wa Mbu kabla ya kupanda ule mlima. Nilipofika nyumbani maumivu ya zamani yalikuwa hayapo. Kidonda kiliuma, ndiyo, lakini lile la kusaga mfupa lilikuwa limekwisha. Nikasema, sasa nimepona.

Jamani, hapo ndipo nilipokosea. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kuwa mfupa unabadilishwa siku moja lakini msuli haubadilishwi. Kando ya nyonga kuna misuli inayoshika kiuno kisiinamе tunaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua ya kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja. Mmeona mahema ya watalii? Kamba ya upande mmoja ikilegea, hema linainama. Mimi miaka sita nilikuwa nauonea huruma mguu ule, kamba ikalegea, na upasuaji nao ukaigusa. Ndiyo maana mtu hana maumivu na bado anayumba. Kisha mguu ulionekana kama umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Nilitaka fundi viatu aniongezee soli, bahati nzuri niliuliza kwanza. Nikaambiwa mara nyingi ni kiuno kilichozoea kupinda, kikinyooka hali hiyo hupungua, na soli haiongezwi mpaka daktari apime.

Mwezi wa tatu ilikuwa siku yetu ya kugawana. Nilikuwa nimeshasikia yale maneno ya fedha kuliwa na mguu. Nikaona aibu kufika na fimbo. Nikaiacha mlangoni, nikatembea mikono mitupu, nikasimama tangu asubuhi mpaka jioni nikitabasamu. Mlipiga vigelegele. Usiku ule sikulala. Wiki mbili nilikaa kitandani, na mwendo ukawa mbaya kuliko mwanzo. Nikaandika barua ya kuacha uenyekiti. Katibu aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Mama, sisi tulikuchagua kwa mguu?"

Nilirudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kitu cha kwanza aliuliza, nani amekuambia uache fimbo? Cha pili, alipoona ninavyoishika, alicheka. Nilikuwa naishika upande wa mguu mgonjwa. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo inakwenda mbele pamoja na mguu mgonjwa. Hapo inabeba sehemu ya uzito na ile misuli inapata nafuu. Akasema fimbo haiachwi kwa kuhesabu miezi. Inaachwa pale unapoweza kutembea bila kuyumba. Ukiiacha mapema, mwili unajifunza kuyumba, na kuufundisha upya ni kazi.

Nawaambieni ukweli, fimbo ilinitesa moyo. Hebu tuangalie, katika nchi hii yetu nani hashiki fimbo? Mzee wa Kiiraqw anayo, mzee wa Kimasai kule Endulen anayo, kijana wa kuchunga anayo, na wote tunawaita wanaume kamili. Mama akishika fimbo tunasema amekwisha. Hiyo heshima ya fimbo iwe ya wote.

Mazoezi niliyopewa ni madogo. Kushika meza na kupeleka mguu pembeni taratibu bila kuinamisha mwili. Kulala chali na kunyanyua kiuno. Baadaye, aliporuhusu, kulala upande mzima na kuunyanyua mguu wa juu. Kupanda kidaraja kimoja na kushuka. Mara kumi, mara kumi na tano, asubuhi na jioni, kila siku. Jirani yangu, ambaye ni mwanachama mwenzetu, alikuwa anakuja kunihesabia, kwa sababu peke yangu nilikuwa naruka namba! Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili sikuona kitu. Wa nne mjukuu akasema, "Bibi, leo hujayumba." Sisi wa kikundi tunajua haba na haba hujaza kibaba. Hisa moja ya wiki moja haionekani, lakini mwisho wa mwaka tunagawana.

Nyumbani nako ilibidi kubadilika. Kwangu daktari alikataza kuketi chini kuliko goti, kukunja mguu juu ya mguu na kuinama sana kwa miezi ya kwanza, maana nyonga mpya inaweza kuchomoka. Sasa mama wa kwetu anaketi kwenye kigoda, anapika kwenye mafiga, anachuchumaa chooni. Mume wangu alinijengea jiko la kusimama, kiti cha mbao chenye tundu akakiweka juu ya choo cha shimo, na kando akachomeka nguzo ya kushika. Ndala niliziacha, nikavaa viatu vya kufunga, maana udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kwenye ngazi wanasema mguu mzima upande kwanza, mguu mgonjwa ushuke kwanza. Lakini kila mmoja afuate masharti ya daktari wake, upasuaji haufanani.

Na tusichanganye kuchechemea na hatari. Mguu ukifupika ghafla kwa maumivu makali, kidonda kikitoa usaha au kuwa cha moto, muundi ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, usingoje Jumatano. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Leo ni zaidi ya miaka miwili. Nachechemea bado? Ndiyo. Asubuhi si sana. Jioni nikichoka, au mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, mnaniona. Daktari amepiga picha, nyonga iko mahali pake. Amesema kiasi kilichobaki huenda kikabaki, nami nimekubali. Safari ndefu naishika fimbo, na leo nimekuja nayo, ile pale kwenye kiti.

Basi mwenzangu uliyeuliza, jibu lako ni hili. Zamani nilichechemea kwa sababu ya maumivu, na kila mwaka yaliongezeka. Sasa nachechemea na usiku nalala. Kahawa yangu nachuma. Kiatu navaa mwenyewe. Mfupa wako umepewa na Mungu, na akili ya kutibu nayo imetoka kwake. Sikulazimishi. Nenda, pigwa picha, uliza gharama, uliza kama kadi yako ya bima inalipa na inalipa nini, na uliza mazoezi utafanya na nani ukisharudi nyumbani. Hilo la mwisho mimi sikuuliza.

Nina maombi matatu. La kwanza, tunapojenga ofisi yetu tuweke benchi zenye kimo na choo cha kukalia. La pili, mama akitoka kupasuliwa, mfuko usiishie kwenye bili tu, tupange zamu ya kumchotea maji na kumhesabia mazoezi. La tatu halina gharama, tuache kumpima mgonjwa kwa macho anapopita njiani. Ukimwona anachechemea, mwulize amelalaje.

Fedha zenu hazikuliwa na mguu, ndugu zangu. Zimesimama hapa mbele yenu.

Umoja wetu udumu, na Mungu atufikishe miaka mingine 10.