Mlinzi Asiye na Mlango

Baadhi yetu hapa Kwa Mrombo hufuga bata bukini, na usiku huwaacha uani kwa hoja kwamba wao ndio walinzi wa nyumba. Ni kweli, ndege huyu husikia upesi na kupaza sauti. Warumi wa kale walisimulia kwamba yapata mwaka 390 kabla ya Kristo bukini waliwaamsha askari wao adui alipopanda kilimani gizani. Lakini kupaza sauti si kujilinda. Bukini wa kufugwa ni mzito, wala halali mtini. Mbwa wanaozurura wakiingia uani, kelele zake zitatuamsha tukaokote manyoya.

Je, ni haki tumtwike ulinzi wetu, kisha tumnyime mlango? Banda lake halihitaji fahari. Sakafu iwe kavu, yenye maranda au nyasi, kwa maana yeye hulala chini, na unyevu humdhuru kuliko baridi ya Meru. Madirisha yawe juu, yenye wavu mgumu wa matundu madogo; ule mwembamba wa kuku mbwa huupasua. Wavu ufukiwe pia chini ya ukuta, kwani wanyama wachimbao hawana haraka.

Na kazi ya kufunga asiachiwe mtoto peke yake, ambaye pengine tumemtuma dukani akachelewa. Mkubwa wa nyumba apite magharibi, awahesabu, alijaribu komeo kwa mkono wake. Mgeni wa usiku akija, sauti zao zitasikika hata kutoka ndani.